Mtoto Haponi Peke Yake: Familia, Jumuiya na Majeraha ya Moyo Kongwa

Kila mwaka ifikapo Juni 16 tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa mwaka 1991 na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ili kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976 walipopinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Watoto huandamana na mabango, hughani ngonjera, na viongozi hutoa hotuba kuhusu madawati, chanjo na lishe. Hayo yote ni haki yao. Lakini yupo mtoto ambaye mabango hayo hayamtaji: yule ambaye mwili wake unaonekana mzima, sare yake imefuliwa, jina lake limo katika daftari la mahudhurio, ila moyo wake umejeruhiwa.

Suala la afya ya akili sasa linazungumzwa hadharani nchini mwetu, redioni, bungeni na hata mimbarini. Ni hatua njema. Hata hivyo, mazungumzo mengi huishia katika madai mawili: serikali iongeze wataalamu, na waamini waongeze sala. Tunayaunga mkono yote mawili. Tunaona, hata hivyo, kwamba kati ya hospitali na altare kuna mahali pa tatu, nayo ni nyumba anamolala mtoto mwenyewe. Humo ndimo uponyaji wake huanza, na humo ndimo mara nyingi hukwama. Tunapenda kuitafakari hoja hiyo tukiwa Kongwa, wilaya ya Jimbo Kuu letu la Dodoma ambayo historia yake inatupatia mafundisho mawili makubwa.

Mtoto tunayemwona bila kumtambua

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa katekista yeyote wa Kibaigwa, Mlali au Mkoka huenda akadhani tunamsema mtoto anayemfahamu. Mvulana wa darasa la tatu amefiwa na mama yake. Baba amekwenda mbali kutafuta kibarua, na mtoto amebaki kwa bibi pamoja na wajukuu wengine watatu. Kabla ya msiba alikuwa mchangamfu. Sasa anakojoa kitandani, anasinzia darasani, anapigana na wenzake machungani, na kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Zahanati imempima malaria, hana. Mwalimu anamwita mvivu, bibi anamwita mtundu, jirani ananong'ona kwamba amerogwa. Kila mmoja anampa dawa yake: huyu kiboko, huyu karipio, huyu hirizi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza neno kuhusu mama yake, kwa kuwa wote wanaogopa kwamba wakimtaja watamliza.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu bibi. Yeye naye amefiwa na binti. Usiku analala chumba kimoja na mjukuu, kila mmoja akificha machozi yake ili asimwongezee mwenzake huzuni. Asubuhi anawaza unga. Kongwa ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, takribani kati ya Desemba na Aprili, na mvua ikikosekana chakula huisha ghalani kabla mavuno mapya hayajafika. Hapo wazazi huondoka: wengine hufuata malisho ya ng'ombe, wengine hubeba magunia katika soko la mahindi la Kibaigwa, wengine hupanda mabasi ya barabara kuu kwenda Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Wapo pia watoto wanaoondoka wenyewe, wasichana hasa, kwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu wasiowajua. Njaa, kutengana na msiba huja kwa pamoja, na mtoto huyapokea yote bila kuwa na maneno ya kuyaeleza.

Mtoto asiye na maneno husema kwa mwili na kwa tabia. Kukojoa kitandani baada ya kuwa alishaacha, ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, ukimya wa ghafla, hasira isiyo na sababu inayoonekana, kung'ang'ania nguo ya mlezi, kushuka kwa masomo: hizi ndizo sentensi zake. Anayemwadhibu kwa sababu ya sentensi hizo anamwadhibu kwa kuomba msaada.

Ukubwa wa jeraha

Hatusemi juu ya watoto wachache. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kila kumi, na mvulana mmoja kati ya kila saba, walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa au kutendewa ukatili mwingine wa kimwili. Na mmoja kati ya wanne alisema ameumizwa kihisia na mtu mzima, kwa matusi, kwa kutishiwa kuachwa au kwa kuambiwa kwamba hakutakiwa kuzaliwa. Tangu hapo taifa limeandaa mipango ya kupambana na ukatili huo na programu ya malezi na makuzi ya watoto wadogo iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2021. Serikali ilistahili pongezi kwa kuthubutu kuuliza maswali ambayo jamii nyingi hukwepa.

Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu theluthi ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14. Maana yake ni kwamba katika darasa la Komunyo ya Kwanza lenye watoto sitini, hatuwezi kudhani kwamba wote wanaoimba wako salama. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, na wengi wao wako mijini. Hata tukiwaongeza maradufu, mvulana wetu wa Kongwa hatamfikia yeyote kati yao mwaka huu. Nani basi atamsaidia, na kwa njia ipi?

Karanga na vikope

Hapa ndipo Kongwa inapotufundisha. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Matrekta yalishushwa, miti iling'olewa, mji wa mabati ukaota katikati ya pori. Waliopanga hawakuusoma vya kutosha udongo, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, wala mvua, wala hawakuwauliza Wagogo kwa nini mababu zao walilima mtama na uwele. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 30 za walipakodi wa Uingereza zilikuwa zimepotea. Wazee wa Kongwa walibaki na vyuma chakavu na funzo: kitu kizuri kikiletwa bila kuuliza udongo, hakioti.

Funzo la pili halisimuliwi sana, ingawa ni la fahari. Kongwa ilisumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa wa macho wa vikope, ambao huanza utotoni na kumpofusha mtu ukubwani, hasa akina mama. Watafiti waliofanya kazi hapa kuanzia miaka ya 1980 waliona kwamba dawa peke yake haitoshi, kwa kuwa mtoto mwenye uso mchafu huambukizwa tena. Lakini utamwambiaje mama anayefuata maji mwendo mrefu kwamba aongeze kazi ya kunawisha nyuso? Waliketi na wanavijiji. Katika mikutano ya majirani watu walijadiliana wenyewe, wakaona kwamba uso wa mtoto unahitaji maji kidogo sana kuliko walivyodhani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la Lancet yalionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walipungukiwa na vikope vikali. Leo usafi wa uso ni sehemu ya mkakati wa dunia nzima dhidi ya ugonjwa huo. Akina mama wa Kongwa wana mchango wao katika hilo.

Tunayaweka mafunzo haya mawili mbele yetu kwa sababu tiba za majeraha ya moyo nazo zinaweza kuja kwetu kwa njia ya karanga au kwa njia ya vikope. Zikija kama karanga, tutapata semina ya siku mbili hotelini, vitabu vya lugha ya kigeni na picha ya pamoja. Zikija kama vikope, zitapita katika mikono ya majirani, kwa lugha yetu, na zitagundua kwamba kinachohitajika ni kidogo kuliko tulivyodhani.

Moshi na Bungoma: kilichojaribiwa miongoni mwetu

Njia ya pili imeshajaribiwa Afrika Mashariki. Huko Moshi, Kilimanjaro, na Bungoma, magharibi mwa Kenya, watafiti walifanya kazi na watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Nusu yao walipata huduma za kawaida zilizopo kwa yatima. Nusu nyingine walipitia tiba ya kisaikolojia inayoshughulikia kiwewe kwa kuunganisha fikra, hisia na matendo. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida ambao hawakuwa na taaluma ya afya ya akili. Walifunzwa, na katika kazi yao walisimamiwa kila wiki. Watoto walikutana katika vikundi kwa wiki 12, huku walezi wao wakikutana katika kikundi chao sambamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: katika maeneo matatu kati ya manne, vijijini Moshi pamoja na mjini na vijijini Bungoma, waliopata tiba hiyo walipungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao. Mjini Moshi tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana wazi. Njia hii basi si muujiza wa kila mahali, lakini imethibitika vya kutosha kustahili kufahamika parokiani.

Ndani ya vikundi hivyo hufanyika nini? Kwanza, mtoto anaambiwa kwamba anayoyapata hayamfanyi kuwa mbaya wala mwendawazimu, na kwamba watoto wengine waliofiwa huyapata pia. Kwa wengi huo tayari ni mzigo uliotuliwa. Anafundishwa kupumua taratibu na kuutuliza mwili wakati hofu inapopanda. Anajifunza majina ya hisia: huzuni si hasira, na hasira si hofu, ijapokuwa zote hubana kifua. Kisha anasaidiwa kuzichunguza fikra anazojificha nazo. Mtoto anaweza kuamini kwa miaka kwamba mama alikufa kwa sababu siku ile yeye alichelewa kuleta maji. Hakuna aliyemwambia hivyo, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemwambia kwamba si kweli.

Baada ya hapo, hatua kwa hatua, akiwa na mshauri wake peke yao, mtoto anasimulia kilichotokea, kwa maneno au kwa michoro. Hasukumwi. Anakwenda kama mtu anayevuka korongo, akijaribu jiwe kabla ya kulikanyaga. Akiwa tayari, mlezi wake anaisikia simulizi hiyo kutoka kwake. Mwishoni wanafanya kazi ya maombolezo: kukumbuka mema ya marehemu, kusema yale ambayo hayakusemwa, kuaga, na kuufungua tena moyo kwa walio hai.

Sisi Wakatoliki hatupaswi kuishangaa hatua hiyo ya mwisho. Tunazo sala za marehemu, Misa ya arobaini, mwezi wa Novemba na ziara za makaburini. Lakini tujiulize kwa unyofu: watoto wako wapi siku hizo? Mara nyingi huondolewa msibani na kupelekwa kwa jirani, au huambiwa kwamba mama amesafiri. Uongo huo tunauita huruma. Mtoto humsubiri msafiri, na siku anapogundua ukweli anafiwa mara mbili, na zaidi ya hapo anapoteza imani yake kwa waliomdanganya.

Mlezi aingie chumbani

Katika kazi hii yote tunaona jambo moja ambalo ndilo kiini cha makala hii: mtoto haponi peke yake. Njia zilizoonyesha matunda kwetu hazimchukui mtoto, zikamtengeneza mahali fulani na kumrudisha nyumbani kama baiskeli iliyotoka kwa fundi. Zinamwingiza mlezi. Ndivyo ilivyo pia katika programu ya malezi ya Furaha Teens, iliyozaliwa kutokana na programu iliyojaribiwa Afrika Kusini na kuendeshwa katika wilaya za Kanda ya Ziwa: wazazi na vijana wao huhudhuria mfululizo wa vikao, hujifunza kusifu, kutenga muda wa kuwa pamoja, kupanga matumizi ya fedha kidogo iliyopo na kutatua ugomvi bila kipigo.

Injili inatuonyesha hekima hiyo hiyo. Yesu alipofika nyumbani kwa Yairo (Mk 5:35-43), aliwatoa nje waliokuwa wakipiga kelele, akaingia kwa mtoto pamoja na baba yake na mama yake, na wanafunzi watatu tu. Alipomwinua msichana, aliwakumbusha wampe chakula. Chumba tulivu, wazazi wakiwepo, mashahidi wachache, kisha chakula. Katika sura ya tisa ya Injili hiyo hiyo, baba anamleta mwanawe aliyeteseka kwa muda mrefu. Kabla ya kumponya, Bwana anamuuliza baba tangu lini hali hiyo imempata mtoto. Aliyejua yote aliuliza, na akamsikiliza baba hadi akakiri udhaifu wa imani yake mwenyewe. Kama Bwana aliuliza, sisi ni nani hata tutoe hukumu kabla ya kuuliza?

Kwa hiyo bibi katika mfano wetu si kikwazo cha tiba. Yeye ni nusu ya tiba, naye anahitaji kutunzwa. Mlezi aliyepata mahali pa kulia kwa ajili ya binti yake ataweza kuyavumilia machozi ya mjukuu. Mlezi ambaye hakupata mahali hapo atamnyamazisha mtoto ili yeye mwenyewe asivunjike.

Fimbo na methali

Tutaulizwa: je, watoto wasikanywe? Tunayo methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Tunaikubali. Lakini mwenye kumkunja samaki mbichi hamvunji mifupa. Kanuni za elimu huruhusu viboko shuleni kwa masharti, na masharti hayo mara nyingi husahaulika. Mtoto mwenye kiwewe akipigwa, mwili wake hausomi somo la nidhamu. Unasoma kwamba hatari imerudi.

Nchini Uganda, katika Wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu yake zilifuata mpango ulioandaliwa na shirika la Raising Voices, uliowashirikisha walimu, wanafunzi na wazazi katika kutafuta nidhamu bila kipigo. Baada ya miezi 18, hatari ya mwanafunzi kupigwa au kutendewa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule ilikuwa imepungua kwa asilimia 42. Luwero ni nchi ya wakulima iliyopitia vita. Kama walimu wake waliweza, wetu wanaweza.

Na kwa Mkatoliki hili si jambo geni. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyefanya kazi na vijana wa mitaani wa Torino katika karne ya 19, alijenga malezi yake juu ya akili, dini na upendo, akakataa adhabu za kipigo. Alisisitiza kwamba haitoshi kijana apendwe; sharti atambue mwenyewe kwamba anapendwa. Wanawe Wasalesiani wanafanya kazi hapa Dodoma. Urithi huo ni wetu.

Sala na daktari

Lipo swali lingine ambalo waamini huuliza kwa sauti ya chini: je, si pepo? Kanisa halikatai uwepo wa Mwovu, lakini linatufundisha busara. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na una dawa. Sonona ni ugonjwa. Mtoto anayesikia sauti, anayesema anataka kufa, anayejidhuru, anayekataa kula kwa siku kadhaa au aliyepoteza fahamu, huyo anahitaji kituo cha afya bila kuchelewa, na sala zetu zimsindikize njiani, zisimzuie mlangoni. Yoshua bin Sira (sura ya 38) anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na katika mafundisho hayo hayo anamwagiza mgonjwa asali. Hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Sisi wa Dodoma tuna deni la pekee. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko kwetu tangu miaka ya 1920. Ilipaswa kuwa jina la faraja. Badala yake tumeligeuza kuwa tusi: mtu akikosea kidogo, anaambiwa apelekwe Mirembe. Watoto wanatusikia. Siku mtoto atakapohisi kwamba akili yake inamwelemea, atakumbuka kicheko chetu na kunyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mara nyingi aliyemfundisha kuficha ni sisi.

Nguvu ya Jumuiya, na hatari zake mbili

Tangu miaka ya 1970, Maaskofu wa Afrika Mashariki walipochagua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia ya kuwa Kanisa, tumekuwa na chombo ambacho mataifa tajiri hayana: kaya chache zinazokutana kila wiki, zinazojua nani anaumwa na nani hajapika. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unajumlishwa katika vitenzi vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini na anahitaji nini sasa. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Mwunganishe na chakula, ndugu na huduma. Jumuiya inayoishi Injili inaweza kuyafanya haya yote.

Lakini tusijisifu kabla ya kujichunguza. Hatari ya kwanza ni ulimi. Tumewahi kusikia maombi ya waamini ambamo mtoto aliyefanyiwa ukatili anatajwa kwa jina la mzazi wake mbele ya kaya zote. Anayeomba ana nia njema, na kufikia jioni kijiji kizima kinajua. Sala ya namna hiyo ni jeraha la pili. Siri ya mtoto haiwi nia ya sala ya hadharani.

Hatari ya pili ni nzito zaidi: kumalizana kifamilia. Mtoto amenajisiwa na ndugu au jirani, wazee wanaketi, mbuzi au ng'ombe anatolewa, na kesi inafungwa ili ukoo usiaibike. Wakati mwingine kiongozi wa Jumuiya huwa miongoni mwa walioketi. Mtoto anaendelea kumwona aliyemuumiza akipita kisimani. Hakuna kikundi cha tiba kitakachomponya mtoto ambaye bado yuko mikononi mwa anayemjeruhi. Usalama hutangulia uponyaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto, isiyotozwa malipo. Msamaha wa Kikristo haufuti wajibu huo. Nalo Kanisa limejifunga lenyewe: mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaagiza mapadre na watawa wote kutoa taarifa za unyanyasaji unaofanywa ndani ya Kanisa. Hatuwezi kuzidai familia uwazi ambao sisi wenyewe hatuutekelezi.

Tufanye nini

Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa parokia ya kawaida. Kila parokia ichague waamini wachache, wanawake kwa wanaume, wanaojulikana kwa kutunza siri, wapatiwe mafunzo ya kweli, na baada ya hapo wasimamiwe mara kwa mara na wataalamu wa hospitali ya wilaya na ustawi wa jamii. Moshi haikufanikiwa kwa mafunzo peke yake. Usimamizi wa kila wiki ulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Semina bila usimamizi ni karanga za mwaka 1947.

Jumuiya zetu, ambazo hujua kuchangia jeneza na chakula cha matanga, ziongeze jambo moja: mtu wa kumkumbuka mtoto. Mwezi mmoja baada ya maziko, na tena muhula wa shule unapoisha, mtu huyo apite kumwona mtoto na mlezi wake. Walezi wa Utoto Mtakatifu wawape watoto nafasi ya kuchora, kucheza na kuigiza, kwa kuwa mchezo ndio lugha ya kwanza ya mtoto. WAWATA wawe mahali ambapo bibi anaweza kulia bila kuonewa haya. Na UWAKA walibebe swali ambalo limewaelemea akina mama peke yao: baba aliye mbali anabakije baba? Simu ya dakika tano kila Jumapili, ambayo ndani yake mtoto anaulizwa habari zake na si mahudhurio ya shule tu, ina thamani ambayo fedha iliyotumwa haiwezi kuifidia.

Kuna wakati tulidhani kwamba kuunawisha uso wa mtoto kunahitaji ndoo nzima, na kwa kuwa ndoo haikuwepo, hatukunawisha. Majirani waliketi wakajua kwamba maji kidogo yanatosha. Huenda na hapa tunasubiri ndoo: daktari bingwa, jengo, mfadhili. Hivyo vyote tuendelee kuvidai, kwani ni haki ya watoto wetu. Lakini usiku wa leo, katika nyumba mojawapo ya Kongwa, bibi anaweza kumsogeza mjukuu karibu na moto akamwambia: "Mjukuu wangu, nami namkumbuka mama yako. Niambie, wewe unakumbuka nini?" Kisha anyamaze, amsikilize. Na akishindwa kuendelea kwa sababu ya machozi, pawepo jirani wa Jumuiya aliyefundishwa kuketi naye.

Mama Bikira Maria, aliyemtafuta Mwanawe kwa uchungu siku tatu na kumuuliza kabla ya kumhukumu, aziombee familia zetu.